Kiazi Kikuu na Mtu wa Mjini

Mkazi wa mji wa Meru au Embu, siku za kazi, hushinda kwa chai na mkate, au chipsi za haraka. Lakini Jumamosi, akiwa na shilingi chache za kujifurahisha, huelekea sokoni kutafuta kiazi kikuu. Kikichemshwa na kuliwa kwa chai ya maziwa, hushibisha hata jioni. Siku ya mapumziko huwapeleka watoto kutazama maporomoko ya mto Nithi, kati ya Chuka na Meru, na katika kikapu hutia mukimo wa ndizi mbichi, viazi na mboga za majani.

Lakini kiazi kikuu hakiotei sokoni. Mmea wake hutambaa juu ya mti, na mwenye shamba hungoja miezi mingi kabla ya kuchimba. Kahawa na chai zina viwanda. Kiazi kikuu hutegemea mlaji. Asipokuwapo, shamba litapandwa kitu kingine, na mbegu ya wazee itapotea.

Basi karani asione haya kukibeba mbele ya wenzake. Kinunuliwacho leo ndicho kitakachopandwa msimu ujao.