Herufi za Tovuti Zikaguliwe kama Silaha

Ndugu askari, siku hizi matangazo ya ajira na ya pensheni hutolewa pia katika tovuti. Mzee aliyestaafu jeshini, aishiye Dranya wilayani Koboko, ana haki ya kuyasoma sawasawa na afisa aliyeko Kampala. Lakini fundi akizifunga herufi kwa pikseli, yaani nukta za kioo, msomaji mwenye macho dhaifu aweza kuiamuru kompyuta ikuze maandishi ya kawaida, nazo zisikue. Zikipimwa kwa em, rem au asilimia, hutii. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 wataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 pasipo kupotea neno.

Msimbo nao ukaguliwe. Shirika la W3C, lililoanzishwa mwaka 1994, lina kikaguzi kisicholipiwa, kionyeshacho kosa na mstari lilipo. Hata hivyo, bunduki safi si shabaha: msimbo sahihi waweza kubeba herufi zisizosomeka. Basi kila idara itimize yote mawili kabla ya kutangaza. Tangazo lisilosomeka ni sawa na amri isiyotolewa.