Daftari la Wiki: Julai Isiyokwisha

Nairobi imeingia tena katika kipupwe, msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, na utando wa kijivu uliotanda juu ya jiji hauonyeshi dalili yoyote ya kuondoka.

Lawama hutupiwa jua, kwamba limekwenda kaskazini na kuwatupa walio kusini mwa ikweta, lakini jua linasingiziwa. Nairobi ipo nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni 21, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, bado husimama takriban nyuzi 65 juu ya upeo wa macho, ilhali Desemba 21, jaketi zikiwa zimerudi kabatini, husimama nyuzi 68. Nyuzi 3 haziwezi kumvalisha mtu sweta mbili. Mhusika ni kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini-mashariki, ambao huchukua unyevu juu ya Bahari ya Hindi, kisha hupandishwa na ardhi inayoinuka kutoka pwani hadi jijini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka mawingu. Mawingu hayo yangeendelea kupanda, yakanenepa na kunyesha mvua ya maana, lau si tabaka la hewa yenye joto zaidi lililolala juu yake na kuyabana kama kifuniko cha sufuria, ndiyo maana huambulia manyunyu tu, ambayo hayamfai mkulima na wala hayamruhusu dobi kuanika. Kinachoudhi zaidi ni kwamba magharibi ya Bonde la Ufa, huko Kitale na Eldoret, miezi hiyohiyo huleta mvua halisi na mahindi hunawiri. Nairobi hupewa giza, mahindi hupewa wengine.

Wastani wa joto la mchana wa Julai jijini ni nyuzi 21 au 22 za Selsiasi, na Mskoti angevaa kaptura.

Utabiri, kwa mara nyingine: asubuhi mawingu, alasiri vipindi vya jua. Urefu wa kipindi haujawahi kutajwa.

Safu hii imelisema hili kila mwaka na italisema tena: nyumba za kupanga hujengwa kwa mawe na saruji, bila chochote cha kupashia joto, kana kwamba kipupwe ni uvumi.

Jambo moja halina mzaha. Jiko la makaa likiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyakua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu akiwa usingizini. Makaa yaliyokolea na kuacha moshi, ambayo wengi huyadhania salama, huendelea kuitoa.

Anayeyaombea mawingu yaondoke hata usiku na afikiri upya, kwa kuwa hurudisha chini joto linalopanda kutoka ardhini, na jalidi, yaani umande ulioganda unaobabua majani ya chai, hupenda usiku wa anga safi.

Wavuvi wa pwani, ambao kusi hiyohiyo huwachafulia bahari kwa miezi, wana malalamiko mazito kuliko ya Nairobi, ila hawakupewa safu gazetini.