STAA ANAMALIZA KAZI ZA NYUMBANI KWA DAKIKA 40? MMH, TUONGEE KIDOGO

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, wala sina picha ya mtu kashuka kwenye gari la mkopo. Leo nataka kuongelea ile video ambayo najua wengi wenu mliituma kwenye magrupu ya WhatsApp, maana hata mimi niliituma. Ile ya mwigizaji wetu mmoja wa kike, jina kapuni kama kawaida ya hapa, anayeonyesha asubuhi yake. Saa kumi na moja na dakika kumi anatoka kitandani. Saa kumi na moja na dakika hamsini chapati ziko mezani, matunda yamekatwa vipande vidogo vidogo, watoto wawili wamevaa yunifomu zimenyooka kama karatasi, na yeye mwenyewe kashapaka lipstiki. Chini kaandika kwamba mwanamke akijipanga hakuna cha "sina muda".

Mimi nikaiposti hapa hapa nikaongezea maneno yangu: "Akina dada jifunzeni." Mkagonga laiki za kutosha, nikalala nimefurahi.

Sasa ishu ikaanzia nyumbani. Mimi nakaa kwa dada yangu, Kivule. Dada ni muuzaji kwenye duka la vitambaa Kariakoo, ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu na mdogo chekechea. Shemeji ni fundi rangi, anafuata kazi inapopatikana, leo Bunju kesho Kigamboni. Dada wa kazi hatuna. Dada aliiona posti yangu, hakusema kitu. Kesho yake akaamka saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya nne kapata siti kwenye daladala, jambo ambalo kwa njia yetu ni kama kushinda bahati nasibu, akapitiwa na usingizi mpaka kituo kikampita. Akafika dukani kachelewa, bosi akakata pesa ya siku.

Jioni karudi, kakaa kwenye ngazi hata viatu hajavua, akaniambia, "Mdogo wangu, yule mama yako wa kwenye video, ulijiuliza nani alikuwa anashika simu?"

Nikakosa jibu. Nikaingia ndani nikaiangalia tena ile video, safari hii polepole. Wadau, nendeni mkaiangalie na nyie. Chapati inapoanza kusukumwa, madonge yameshapangwa kwenye sinia yamefunikwa na kitambaa. Unga haujikandi wenyewe. Yunifomu zimetundikwa mlangoni zimeshapigwa pasi. Na kuna sehemu moja, anapogeuka kuchukua sahani, mkono wa mtu unaingia pembeni na kutoka haraka, mkono hauna bangili wala kucha za bandia. Huyo ndo mwenye zile dakika 40. Yeye kaamka saa ngapi hatuambiwi.

Naomba nieleweke, sina ugomvi na mtu kuwa na dada wa kazi. Hata mimi nikipata hela kesho nitamtafutia dada yangu msaidizi. Kinachonikera ni kumficha, halafu unawageukia wanawake wanaofanya zote wenyewe na kuwaambia tatizo lao hawajajipanga. Hapo unauza uongo kwa watu waliochoka, na mimi nilikuwa muuzaji wa rejareja wa huo uongo.

Na tukimwongelea huyo dada mwenye ule mkono, hebu tupige hesabu. Mtaani kwetu kuna binti namfahamu, anaanza saa kumi na moja alfajiri na analala saa nne usiku. Hizo ni saa 17. Tutoe saa 4 za kula, kuoga na kukaa kidogo wakati mtoto kalala, zinabaki 13. Jumapili naye hana, kwa hiyo mara 7 ni saa 91 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mtu apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Yaani yule binti anafanya kazi za watu wawili na bado wanampigia kelele akichelewa kufungua geti. Ukisikia mtu anasema "nimeokoa muda", uliza kwanza kauokoa kutoka kwa nani.

Basi kwa aibu niliyokuwa nayo nikaamua kitu. Wiki nzima nikakaa na simu naandika kila kazi ya pale nyumbani imechukua dakika ngapi. Dada alinicheka, kaniita karani wa sensa. Lakini nilichokiona kilinishangaza.

Zile mbinu zote za kwenye video zinahusu kukata kitunguu haraka, kumenya vitunguu saumu kwa kuvitikisa kwenye kopo, na mashine za kukatia karoti. Kukata kitunguu na nyanya kwa dada yangu kunachukua dakika 4. Hata ukinunua mashine gani utaokoa 2, halafu utazitumia kuiosha hiyo mashine. Muda wake halisi unaliwa na vitu ambavyo hakuna staa anavionyesha. Maji, kwa mfano. Bomba letu linatoka usiku, mara mbili kwa wiki, na halitoi taarifa. Kuamka, kujaza pipa na madumu tisa, dakika 70. Kuwasha jiko la mkaa mpaka likolee, dakika 20 na zaidi, asubuhi na jioni. Maharage makavu kwenye mkaa, zaidi ya saa mbili, na lazima mtu awe karibu kuongeza maji. Halafu barabara. Kivule kwenda Kariakoo na kurudi, siku nzuri saa tatu, siku ya mvua tusiongee.

Kwa hiyo nilivyoona kuhusu mambo ya jikoni ni hivi. Maharage yalowekwe Jumamosi usiku, asubuhi yale maji unamwaga, unachemsha na mapya. Yanaiva mapema sana kuliko makavu. Chemsha sufuria kubwa mara moja, usiunge. Gawa kwenye makopo ya aiskrimu au ya siagi, weka kwenye friza. Jumatano unatoa kopo, unaunga na nyanya, nusu saa mnakula. Nazi vile vile, kuna nyingi mara moja, gandisha kwenye vifuko vidogo. Gesi mtungi mdogo wa kilo 6 tumeuweka kwa ajili ya chai ya asubuhi tu, mkaa ubaki kwa maharage na makande ya Jumapili. Serikali ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, na kila anayeuongelea anaongelea moshi na miti. Sawa kabisa. Ila mimi nauangalia kama muda. Dakika 20 za kupuliza jiko alfajiri ni dakika 20 za usingizi wa mtu.

Msidhani yote yalikwenda vizuri. Jumanne moja LUKU ilikata mchana hakuna mtu nyumbani, dada karudi usiku friza limeyeyuka lote na maharage yameanza kunuka. Kayamwaga makopo manne huku kanyamaza, nikaona bora angetukana. Sa hivi tunapika ya siku tatu tu, na uniti zikishuka chini ya 10 mimi ndo nanunua.

Na hapo "mimi ndo nanunua" ndo penyewe sasa. Kwenye ile orodha yangu ya wiki, pembeni ya kila kazi niliandika aliyeifanya. Dada, dada, dada, dada. Jina langu lilitokea mara mbili, zote "katumwa dukani". Jitu zima la miaka 25, nalala hapo bure, nakula hapo, sahani naiacha mezani naenda kuandika posti ya kuwafundisha akina dada kujipanga. Nimeandika hii sentensi nikaifuta mara tatu, lakini acha ibaki.

Kwa hiyo maji ni yangu sasa, yote. Pasi pia nimeichukua, Jumapili jioni na Jumatano, maana kila mtoto ana yunifomu pea mbili tu. Mtoto mkubwa anapanga begi lake usiku na kutafuta soksi zake mwenyewe. Soksi jamani! Asubuhi moja niliandika dakika 11 za kutafuta soksi ya mguu mmoja.

Kwa shemeji ilibidi niingie kwa adabu, maana ile ni nyumba yake na mimi ni mgeni wa kudumu. Nikamkuta Jumamosi anakunywa chai, nikamwambia, "Shemeji, samahani, kuna kitu nataka tushauriane," nikamwonyesha ile orodha. Kaiangalia muda mrefu. Akasema, "Mimi saa kumi na moja nimeshatoka, unataka nipike saa ngapi?" Na kwa kweli ana hoja. Mtu anashinda juu ya ngazi anapaka dari, jioni shingo haigeuki, simlaumu kwa siku za kazi. Lakini kabla hajaoa alikaa geto miaka mingi anajipikia, na maharage yake, tuseme ukweli, yanamshinda hata dada. Kwa hiyo Jumapili asubuhi sufuria kubwa ni lake, anaipika mpaka saa ya kwenda kibanda umiza kuangalia mechi. Jirani mmoja kamwona anachochea jiko, kaanza kueneza kwamba dada kampa limbwata. Shemeji kamjibu aje achukue bakuli.

Kuna mwingine naye nimguse kidogo kabla sijamaliza. Yule kaka wa semina za ndoa, jina kapuni, suti kila siku, anayesema mwanamke wa kweli analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Kaka, hiyo kazi ina jina lake, inaitwa ulinzi, na mlinzi analipwa.

Kwa mama anayelea peke yake, hana shemeji wala mdogo mtu wa kumbana, sitajifanya nina dawa. Kitu pekee nilichoona kinafanya kazi mtaani kwetu ni wale majirani wawili wanaopeana zamu, wiki hii huyu anapeleka watoto wote shule, wiki ijayo yule. Kila mmoja anapata asubuhi tano za kupumua. Hawajawahi kutengeneza video.

Na kwa staa wetu, kama unasoma, na najua huwa unasoma maana uliwahi kunipigia nifute kitu, ombi langu ni dogo. Rudia ile video. Mwache yule dada aingie kwenye picha mzima mzima, sio mkono tu. Tuambie anaitwa nani, ameamka saa ngapi, na siku gani anapumzika. Hiyo nitaiposti bure na nitaiweka juu kabisa wiki nzima. Ile posti yangu ya kwanza sijaifuta, nimeandika juu yake kwamba nilikosea, ili mnaokuja kunitukana mjue pa kuanzia.

Dada hakuwahi kuniambia asante na wala sidhani anapaswa. Ila Jumatatu iliyopita nimeamka saa kumi na moja na nusu, nikamkuta bado kalala, chai iko kwenye gesi naiwasha mimi. Nikakanyaga taratibu nisimwamshe.

Naishia hapa wadau. Ni saa sita na robo usiku, bomba limeanza kukoroma huko nje, na madumu tisa yananisubiri.