Mkoba Usio na Elimu

Msomaji, katika mwezi wa Septemba mwaka wa 2023 Serikali ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waende nyumba kwa nyumba. Walipewa mikoba yenye kipimo cha joto la mwili, kipimo cha sukari na kipimo cha shinikizo la damu. Kazi hiyo ni njema, na aibezaye hana shukrani. Lakini nauliza: katika mkoba huo ni chombo gani kipimacho usonji? Hakuna, wala hakiuzwi dukani. Usonji hauonekani katika damu wala katika mkojo. Chombo chake ni jicho lililofundishwa.

Twende Kiuu, katika eneo la Ruiru, ambako watu wamesongamana na honi za matatu hazilali. Tuseme yuko mama huko ambaye mwanawe ametimiza miaka miwili. Akiitwa jina hageuki; hanyoshi kidole kuonyesha akitakacho; kelele zikizidi huziba masikio na kupiga mayowe. Mama ampeleka zahanati. Mtumishi asiyefundishwa atasema moja katika matatu: mtoto ni kiziwi, au ni mtundu, au atasema tu akikua. Jirani ataongeza la nne: amerogwa. Mama atarudi na lawama badala ya msaada, na miaka ambayo mtoto angefunzwa kuwasiliana na wenzake itapita bure.

Usonji si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, wala hauletwi na chanjo. Ni hali ya ubongo kukua kwa njia yake, ianzayo tangu utotoni. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo huko Marekani mwaka wa 1943. Elimu hii basi ina umri wa zaidi ya miaka 80. Mtumishi asiyeipata leo hana hatia. Hatia ni ya wale waliopaswa kumfundisha.

Wako watakaosema, "Hospitali zetu zakosa dawa na vitanda, usonji ni jambo la matajiri." La hasha! Usonji haubishi hodi kwa kuuliza mshahara. Tena, kumfundisha muuguzi aseme kabla ya kugusa, aonyeshe kifaa kabla ya kukitumia, na amtafutie mtoto mahali patulivu badala ya kumweka katika foleni yenye makelele, hakutaki mashine wala jengo jipya. Kumfundisha afisa wa ustawi wa jamii kwamba mama huyu ahitaji shauri na si karipio, hakutaki hata hayo.

Uingereza, nchi yenye mali kuliko yetu, ilijifunza kwa msiba. Mwaka wa 2016 kijana mwenye usonji, Oliver McGowan, wa umri wa miaka 18, alifariki dunia katika mji wa Bristol baada ya kupewa dawa ya maradhi ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Mwaka wa 2022 sheria ikaamuru watumishi wa afya na wa ustawi wa jamii wafundishwe juu ya usonji. Je, sisi twangoja afe nani?

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima. Lakini katiba haikai zahanati. Akaaye huko ni mtumishi. Asipofundishwa, haki hiyo itabaki karatasini.

Nawe msomaji kijana, kesho huenda ukawa muuguzi, mwalimu au mzazi. Dai elimu hii kabla ya kupewa mkoba. Na leo, ukisikia mtoto wa namna hii akiitwa mwehu, mkanye asemaye. Mikoba imekwisha kutolewa. Sasa na itolewe elimu.