Uzito ubebwe na mbao, si skrubu
Kwenye miguu ya meza ya kuwekea tangi la samaki wa baharini, naomba niseme jambo. Tangi la lita 400 likishajaa maji ya bahari, ukijumlisha kioo, mchanga na mawe ya matumbawe, linapita nusu tani. Kwa hiyo fremu ya juu ikalie miguu yenyewe, mbao juu ya mbao. Skrubu kazi yake ni kushikilia tu, na ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi haina huruma. Fundi akikuletea plaiwudi ya kawaida, kataa! Ikilowa, kingo zinavimba na tabaka zinaachana. Vanishi ipakwe hata ndani ya kabati la chini ya meza, hasa kule linakokaa tangi dogo la kuchujia. Na pimamaji itumike kabla hujajaza. Meza ikiinama, kioo ndicho kinachoumia.