Aliyeungua Apozwe kwa Maji Kwanza

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi, kuanzia Tunduma hadi Vwawa na Ileje, huzikusanya familia zetu kando ya jiko la mkaa. Hapo ndipo sufuria ya chai hupinduka, uji ukamwagika, na mtoto akaungua. Majirani nao hufika, kila mmoja na dawa yake: huyu dawa ya meno, yule mafuta ya kupikia, mwingine unga, yai bichi au manyoya ya sungura.

Vitu hivi havitibu. Mafuta na dawa ya meno hulifungia joto ndani ya ngozi. Unga, yai na manyoya hugandana na kidonda na kukiingizia vijidudu. Muuguzi hulazimika kuvibandua kwanza, na mtoto huumia mara ya pili.

Linalotusikitisha zaidi ni pale dawa hizi zinapotetewa kwa jina la dini. Ni kweli kwamba Surat An-Nahl imeitaja asali kuwa ni ponyo kwa watu, nasi hatuna shaka na hilo. Zipo hata hospitali zinazotibu vidonda kwa asali iliyosafishwa maalumu. Lakini kupakwa asali mara tu baada ya kuungua hakuondoi joto lililobaki mwilini. Ni kweli pia, kama alivyopokea Bukhari, kwamba Bibi Fatma (R.A.) alichoma kipande cha mkeka akaweka majivu yake kwenye jeraha la baba yake siku ya Uhud. Lakini lile lilikuwa jeraha linalovuja damu, na alianza kwa kuliosha kwa maji. Kuichukua dalili ya jambo moja na kuibandika juu ya jingine si kufuata Sunna.

Basi lifanywe hili. Aliyeungua aondolewe kwenye moto, avuliwe nguo, pete na bangili zilizo karibu na kidonda, isipokuwa nguo iliyogandana na ngozi. Sehemu iliyoungua imiminiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Bomba lisipotoa maji, yamiminwe polepole kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Maji hufaa hata ndani ya muda wa saa 3 tangu kuungua. Barafu isitumike, kwani nayo huidhuru ngozi. Mwili uliobaki ufunikwe asishikwe na baridi. Kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi bila kukazwa, na malengelenge yasitoboliwe.

Apelekwe hospitali bila kuchelewa iwapo ni mtoto mchanga. Au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe. Au limeshika uso, mikono, miguu, viungo au sehemu za siri. Au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Au ameunguzwa na umeme, petroli au dawa kali.

Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini. Alipopatwa na janaba, wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafariki. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kutoa jawabu bila elimu, akafundisha kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza. Wale walikusudia wema, kama jirani anayekuja mbio na mafuta, lakini kusudio jema halikumrudishia mtu yule uhai wake.

Tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa, hususan za akina mama, wamwalike muuguzi japo mara moja aoneshe haya kwa vitendo. Aidha, wawaeleze waumini ruhusa za sheria kuhusu udhu wa mwenye kidonda, asije mgonjwa akafungua bandeji kila wakati wa swala kwa kutojua. Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.