Namba ya Ukurasa Si Anwani

Nianze na ugomvi wenyewe. Sisi wapenzi wa fasihi tuna tabia tuliyoirithi bila kuihoji: tukitaka kumwonyesha mtu sentensi ndani ya kitabu, tunamtajia namba ya ukurasa. "Angalia uk. 112." Basi, tumemaliza kazi. Akifungua asikute kitu, tunamwambia ana toleo baya. Mimi nasema toleo lake halina kosa. Kosa ni letu sisi tunaotaja namba tukidhani tumetaja mahali.

Chukua kitabu kinachotuhusu sana sisi wa kanda hii ya ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Miaka 35 ikapita ikiwa mswada. Mwenyewe akaja kuitafsiri kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Baadaye Wilhelm Möhlig akaipeleka Kijerumani akitumia Kiswahili cha Kitereza. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe, ambaye alirudi kwenye Kikerewe chenyewe.

Sasa waweke wasomaji watatu kwenye mjadala mmoja: wa Mwanza ana kile cha 1980, wa Nairobi ana cha Ruhumbika, wa Ujerumani ana cha Möhlig. Wa Mwanza akisema "uk. 40", wenzake wawili wamepotea papo hapo. Na si kwa sababu ya ukubwa wa herufi tu. Kati ya vitabu hivyo vitatu kuna njia mbili tofauti za kutoka Kikerewe, na sentensi anayoisema inaweza kuwa imerefuka, imefupika au imegawanyika. Lakini akisema "pale Myombekere anapokwenda ukweni kumrudisha mkewe, wakwe wakamdai pombe", wote watatu wanafika. Kwa nini? Kwa sababu safari hii ametaja majirani wa hiyo sentensi: nini kimetangulia, nini kinafuata. Hayo yamevuka lugha tatu bila kupotea. Namba haikuvuka hata moja.

Watu wa kompyuta walikutana na tatizo hili zamani, na walilitatua vizuri kuliko sisi. Ipo programu ya kuhariri maandishi iitwayo Emacs. Ilianza pale MIT, Marekani, mwaka 1976, na toleo la GNU, kazi ya Richard Stallman, likaanza kusambaa mwaka 1985. Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kuifundisha kazi mpya kwa kuiandikia maagizo katika lugha ya Lisp. Ndani yake kila nafasi ina namba: kabla ya herufi ya kwanza ni 1, inayofuata ni 2, na kuendelea. Tuseme sentensi unayoipenda inaanzia nafasi ya 500. Ukiandika pembeni "500", halafu mtu akaongeza herufi 20 kule juu kwenye utangulizi, namba yako haijabadilika, ila sentensi imeshahama. Iko 520. Wewe bado unanyooshea kidole 500, tena kwa kujiamini kabisa.

Ndiyo maana Emacs ina kitu kingine: alama. Alama imefungwa kwenye maandishi, haikufungwa kwenye namba. Ukiongeza maneno kabla yake, inasogea mbele. Ukiyafuta, inarudi nyuma kwa kiasi kile kile. Wewe unaendelea kuandika, yenyewe inalinda mahali pake. Na waliotengeneza hawakukwepa swali gumu: mtu akiingiza maneno pale pale penye alama, alama ibaki nyuma ya maneno mapya au iruke mbele yake? Kwa kawaida inabaki nyuma, lakini anayeiweka ana ruhusa ya kuamua vinginevyo.

Niambieni, wafasiri na wahariri: mkiongeza sentensi ya kumfafanulia msomaji asiyejua mila za Ukerewe, sentensi hiyo ni ya aya iliyotangulia au ya inayofuata? Mara ngapi mmejiuliza? Emacs inamtaka mtu aamue. Sisi tunaiacha itumbukie popote, kisha mhakiki wa miaka 20 ijayo anamlaumu mwandishi kwa maneno ambayo hayakuwa yake.

Kuna jingine. Ukifunga faili ukalala, na usiku mwenzako akaihariri kwa programu nyingine, alama yako haikuwepo kuyaona mabadiliko. Kwa hali hiyo Emacs ina alamisho, ambalo huhifadhi namba pamoja na herufi chache, kwa kawaida 16, za mbele na 16 za nyuma. Ukirudi, inakwenda kwenye ile namba kisha inatafuta maneno yale karibu na hapo. Kwa maneno mengine, inafanya kile kile alichofanya msomaji wetu wa Mwanza alipoacha "uk. 40" akasema "pale kwa wakwe".

Watu wa ziwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yalipanda tena, yakaingia kwenye nyumba na mialo ya kandokando. Mzee aliyewaambia wanawe mwaka 1960 kwamba mpaka wa shamba ni hatua 60 kutoka majini, hakusema uongo. Ila alianza kuhesabu kutoka kwenye kitu kinachohama. Aliyesema "kati ya jiwe lile na mkuyu ule" wanawe waliukuta mpaka. Mwanzo wa kitabu nao ni ukingo wa maji. Dibaji mpya ikiingia, herufi zikikuzwa, picha zikitolewa, ukingo umehama na hesabu zote zimehama nao.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. Hapana. Ingia ofisi yoyote inayoandaa kitabu au gazeti, uone prufu inavyorudi kwa WhatsApp: "Uk. 14 mstari wa 6, toa koma. Uk. 14 mstari wa 9, aya nzima itoke. Uk. 15 mstari wa 2, futa neno la mwisho." Mpangaji kurasa anaanza juu. Akishatoa ile aya, kila kitu kinapanda, na mstari wa 2 wa ukurasa wa 15 sasa ni mstari mwingine kabisa, wenye neno la mwisho lisilo na hatia. Linafutwa. Wazoefu wanajua dawa: anza na sahihisho la mwisho, panda kwenda juu, maana ya juu hayajaguswa na namba zake bado ni za kweli. Ni ujanja mzuri, lakini unafaa kwa orodha moja ya msomaji mmoja. Wakija wawili na orodha mbili, na ya pili imehesabiwa kwenye faili la juzi, ujanja umekwisha. Angeandika "baada ya maneno fulani, futa neno fulani", kusingekuwa na cha kukisia.

Wengine watasema namba zimetutosha miaka yote. Zilitutosha wakati kitabu kilikuwa na chapa moja na darasa zima lilikuwa na nakala zinazofanana. Leo mmoja ana kitabu, mwingine ana PDF aliyotumiwa kwenye kundi, wa tatu anasoma kwenye simu na akikuza herufi idadi ya kurasa inaongezeka palepale. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi maksi kwa sababu ukurasa haulingani na wa nakala yake anaadhibu simu, haadhibu uvivu.

Wala hatuna sababu ya kusema tunaletewa ugeni. Msomaji wa Kurani anataja sura na aya. Msomaji wa Biblia anataja sura na mstari, na ile mistari ya Agano Jipya tunayoitumia hadi leo ilipewa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Chapa ngapi zimepita, lugha ngapi, na mahali pamebaki. Washairi wetu wana beti. Ni kweli ubeti nao hauponyi kila kitu: miswada ya Al-Inkishafi haina idadi moja ya beti, kwa hiyo hata namba ya ubeti inahitaji kusindikizwa na maneno yake ya kwanza. Hata hivyo ushairi umetutangulia. Riwaya ndiyo tumeiacha bila anwani.

Wanasheria nao wametutangulia. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Baada ya ibara ya 107 utakuta 107A na 107B, kuhusu mamlaka ya mahakama na uhuru wake, zilizoingizwa mwaka 2000. Kwa nini hawakuziita 108 na 109? Kwa sababu 108 ilishakuwa na mwenyewe, yaani Mahakama Kuu, na kila hukumu iliyowahi kuitaja ingeanza kuelekeza mahali pasipo. Kwa hiyo mgeni akapewa herufi, wenyeji wakaachwa na namba zao.

Sasa nifike panaponiuma zaidi kama mwandishi wa habari. Kuongeza kunasumbua, lakini kufuta ndiko kunakoumiza watu. Kuna tovuti ya habari, sitaitaja, iliyochapisha habari, msomaji akanukuu aya moja na kuihoji mtandaoni. Jioni aya ile ikaondolewa kimyakimya. Anwani ya ukurasa ni ile ile, kichwa cha habari ni kile kile, tarehe ni ile ile. Waliobofya kiungo hawakuikuta, na msomaji akaitwa mzushi. Hapa hata Emacs haikuokoi: maneno ya pande zote mbili za alama yakifutwa, alama inabaki hai, imesimama kwenye kiungio, na haisemi kwamba ilichokuwa inakilinda hakipo tena. Mashine inajua mahali, haijui hasara. Kusema "hapa palikuwa na maneno" ni kazi ya mhariri, na mhariri asiyeifanya amemsingizia msomaji wake.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na yote hayana gharama ya kutisha. Kwanza, sisi wahakiki na wanablogu tunaponukuu tutaje sura, tukio na maneno machache ya kuanzia. Ukurasa tuutaje pia kama tunataka, mradi tutaje na chapa. Pili, wachapishaji wa riwaya za Kiswahili wazipe aya namba ndani ya kila sura, ndogo, pembeni, na wasizibadilishe chapa inayofuata. Ikiongezwa aya baada ya 14, iitwe 14A. Tatu, tovuti ikibadilisha kilichokwisha kusomwa, iandike palepale kimebadilika nini na lini. Ikifuta, iache kovu lionekane.

Mtaniambia kuna matatizo makubwa zaidi: vitabu ni ghali, maktaba ni chache, wasomaji tunatafutana kwa tochi. Nakubali yapo. Lakini hao wachache waliopo, mmoja Nansio, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, wanataka kubishana juu ya sentensi ile ile. Wakishindwa hata kukutana kwenye hiyo sentensi, ubishi wenyewe utaanzia wapi?